Kona Yenye Mbayuwayu

Harufu ya pasi ya moto juu ya pamba yenye unyevu haijabadilika tangu nilipokuwa mtoto. Mengine mengi yamebadilika, na mimi mwenyewe nimezeeka hadi kufika nchi ambayo sikutegemea hata kuiona, lakini harufu ile ni ile ile. Mwanzo ina utamu kidogo, kama uji ulioanza kushika sufuria, kisha nyuma ya utamu huja kitu kinachochoma puani. Juzi ilinijia nikiwa nimeketi juu ya robota la vitambaa katika kiwanda kidogo cha cherehani huku mtaa wa Kangle, Guangzhou, China, nikimsubiri mwanangu Gaspari amalize kubishana bei.

Gaspari hununua mashuka ya nyumba za wageni na kuyasafirisha Tabora kwetu. Safari hii alisisitiza nije nione anavyoishi, nami namshukuru Mungu kwamba magoti yamenibeba mpaka hapa. Tulikuwa na Mama Zuhura, mfanyabiashara wa Unguja anayekaa hoteli moja nasi kule Liuhua. Mwenye kiwanda, ambaye Waswahili wote wa hapa humwita laoban, yaani bosi, alikuwa anatikisa kichwa tu kwa kila alichoambiwa.

"Meiyou, meiyou," alisema.

"Unamsikia, Bibi?" Mama Zuhura akaniambia. "Hakuna, hakuna! Huyu ukimpa salamu asubuhi atakujibu hakuna, na jioni anakufungia mzigo wote. Wallahi nimemzoea kuliko mume wangu."

"Kwani mumeo naye hukataa?"

"Mume wangu? Yeye hukubali kila kitu, halafu hafanyi. Bora huyu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ndipo laoban alipotandaza shuka jeupe juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja viwili, akagusa pembe zake moja moja huku akimtazama Gaspari. Gaspari akanigeukia.

"Mama, nembo ya gesti tuiweke kona ipi?"

Nilikuwa nazitazama zile pembe. Akadhani sijasikia kwa kelele za vyerehani, akarudia. Nikamwambia yoyote, wewe ndiye mwenye mzigo, kisha nikatoka kusimama uchochoroni. Nina watoto wanne na wajukuu tisa, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumsimulia habari ya kona. Nawasimulia ninyi, kwa kuwa hamnijui, na kwa kuwa umri wangu hauniruhusu tena kuahirisha.

Baba yangu alikuwa dobi wa shirika la ndege la Ulaya. Jina la shirika siliandiki. Waliolijua wanalijua, na waliokuwa wakiliongoza wamekwisha kwenda mbele ya haki. Lilikuwa miongoni mwa mashirika ya mwanzo kabisa kuvusha watu kutoka nchi moja hadi nyingine kwa njia ya anga. Mjukuu wangu aliwahi kunitafutia habari zake kwenye simu. Alinisomea kwamba lilianza na marubani wachache wa vita waliobeba barua, kisha wakabeba watu wawili watatu waliovaa makoti mazito kwa baridi, kisha wakavuka bahari, wakafuata mto Naili, wakafika kwetu. Palikuwa na picha za marubani, za mabibi wenye kofia, za ndege zikibatizwa kwa kumwagiwa mvinyo.

Nilimwambia atafute palipoandikwa nani alikuwa anafua.

"Bibi nawe!" akacheka. "Nani anaandika mambo ya kufua?"

Basi mimi naandika. Ndege za zamani hazikuruka gizani. Jua likielekea kuzama zilitua popote zilipokuwa, na abiria walilala hapo hadi alfajiri. Kwetu Tabora shirika lilikuwa na kiwanja cha nyasi, nyumba ya kulala wageni yenye baraza pana, na nyuma yake mstari wa vyumba vya wafanyakazi. Sisi tulikaa chumba cha mwisho. Baba alianza kazi akiwa kijana, akifyeka nyasi na kuwasha moto wa majani mabichi ili rubani aone upepo unaelekea wapi. Siku zile, alisema, abiria alipimwa kwenye mizani pamoja na sanduku lake, na bibi mmoja mnene wa Kizungu alikataa kabisa kushuka mizanini kabla haijaandikwa kwamba viatu vyake ndivyo vizito. Baadaye baba akapewa udobi, na historia yote ya shirika lile akaijua kwa mashuka. Mwanzo, ndege za mabawa mawili juu na chini zilipokuwa zinaleta abiria wachache, kamba moja ya kuanikia ilitosha. Zikaja za bati tupu, kamba zikawa tatu. Zikaja za injini nne, uwanja mzima wa nyuma ukawa mweupe, na sisi watoto tukakatazwa kukimbia huko siku za vumbi.

Baba hakuwahi kupanda ndege hata mara moja, lakini alijua Wazungu walivyolala. Alikuwa anatandua shuka na kutuambia: huyu aliogopa, tazama alivyolikunja kwa ngumi; huyu alilala na viatu; hawa wawili waligombana, upande mmoja haukuguswa. Mama alimkemea kwamba ni dhambi kusoma mambo ya watu kitandani. Baba akajibu kwamba yeye hasomi, anafua.

Sasa sikilizeni desturi ya kazi ile, maana yote niliyobeba yamo humo. Kila shuka lilikuwa na alama kwenye kona moja: mbayuwayu wa uzi wa buluu, mabawa wazi, na chini yake namba kwa uzi mwekundu. Mbayuwayu huyo huyo alichorwa mkiani mwa ndege. Shuka likichakaa halikutupwa. Dobi alikata kona yenye mbayuwayu, akaipeleka ofisini kwa Bwana Meneja, naye meneja akaifuta namba ile kitabuni na kutoa shuka jipya. Kitambaa kilichobaki kilikuwa cha dobi. Ndiyo maana nyumba yetu ilijaa matandiko meupe yaliyokosa kona moja, na mimi nilikuwa na umri wa miaka saba hivi nilipogundua kwamba mashuka ya watu wengine yana pembe nne.

Nilikuwa na miaka minane, nikijifunza katekisimu kwa Mwalimu Petro, mtu mwema mwenye sauti ya pua. Wakati huo Mama alikuwa mjamzito. Siku moja Mwalimu Petro alitufundisha kwamba mtoto akifa bila ubatizo hawezi kumwona Mungu.

"Anachomwa?" akauliza mmoja wetu.

"Hachomwi. Anawekwa mahali pa kando. Hana shida yoyote, ila hamwoni Mungu."

Nikanyoosha mkono. "Mpaka lini, Mwalimu?"

"Milele."

"Na mama yake akienda mbinguni, atamwona?"

"Kaa chini, Skola. Maswali mengine ni ya mapadri."

Nilikaa chini. Kitabu chetu kilikuwa na ukurasa mwingine mbele, usemao kwamba kwenye hatari ya kufa mtu yeyote, hata mtoto, anaweza kubatiza kwa maji na maneno yake. Ukurasa huo tulikuwa hatujaufikia.

Mama alijifungua kabla ya siku zake, asubuhi ya siku ambayo abiria walikuwa wameondoka alfajiri na baba alikuwa kwenye karo la kufulia. Mkunga alikuwa bibi yangu mzaa baba, ambaye hakuwa Mkristo na hakuwahi kuficha kwamba hataki kuwa. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi kiasi cha maji kuchemka na kupoa. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika kata ya maji niliyotumwa, na maji yalikuwa yamejaa. Hilo nalirudia kila siku katika sala zangu: kata ilikuwa mkononi, na ilikuwa imejaa.

Mama alikuwa na homa, haoni vizuri. Padri alikuwa safarini vijijini. Baba aliitwa, akaja mikono ikiwa bado na povu, akasimama nje ya mlango. Kwetu wakati ule, mtoto aliyekufa kabla kitovu hakijaanguka alizikwa na wanawake peke yao, karibu na nyumba, bila msiba. Mwanaume hakufika kaburini, hata baba mzazi. Kwa kuwa hakubatizwa, hata makaburi ya kanisa hayakuwa yake. Baba hakuwa na la kufanya ila kutafuta sanda.

"Kuna lile shuka lililopasuka katikati," alimwambia bibi. "Lilishakwisha. Nilikuwa nalipeleka ofisini wiki hii." Kisha akaniita. "Skola, chukua mkasi wa mama yako. Kata kona yenye mbayuwayu, uifunge kwenye leso yangu, uiweke juu ya sanduku. Kesho nitaipeleka kwa Bwana Meneja."

"Ndiyo, Baba."

Nilijua kukata kona. Nilikuwa nimekata nyingi. Nilipiga magoti juu ya mkeka, nikalitandaza shuka, nikamtazama yule mbayuwayu. Niliwaza kwa akili ya miaka minane, na nawaomba msinicheke. Mbayuwayu yule nilimwona kila wiki akipanda juu ya mawingu, akaenda na akarudi. Watu waliolala chini ya alama yake walifika mbali, wengine wagonjwa, wengine wazee. Ndugu yangu hakuwa na maji wala jina. Nani angempandisha? Nikakata kona nyingine, isiyo na kitu. Nikaifunga kwenye leso vizuri, mafundo mawili. Kisha nikalikunja shuka ili mbayuwayu awe upande wa ndani, nikampa bibi, naye akamfungia mtoto humo bila kutazama. Macho yake yalikuwa mabovu. Nilihakikisha mbayuwayu amelala kifuani pa mtoto.

Siku ile sikulia. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu, furaha ya mtu aliyefanya kazi kubwa kwa siri.

Yaliyotokea ofisini kesho yake tuliyapata kwa mpishi wa nyumba ya wageni, Mzee Salumu, aliyekuwa amepeleka chai ya meneja akayaona yote. Bwana Meneja alifungua leso, akaigeuza kona juu na chini.

"Mbayuwayu wapi?"

Baba aliitazama ile kona. "Imekatwa vibaya, bwana."

"Basi lete shuka, tukate vizuri."

"Shuka limezikwa na mtoto wangu, bwana."

Mzee Salumu alisema Mzungu yule hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akasema anasikitika kwa msiba, lakini mkaguzi kutoka Ulaya yuko njiani, na mashuka matatu yalikwisha kupotea mwaka ule, na kona tupu si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kukata kona tupu na kuuza shuka zima sokoni. Akampa baba siku tatu alete mbayuwayu.

"Lifukueni," alisema. "Ni kitambaa tu. Mtoto mtamrudishia kingine."

Zile siku tatu ndizo utoto wangu wote. Mengine ya utoto nayakumbuka kama ya mtu niliyesimuliwa. Bibi alisema mwanawe akigusa lile kaburi yeye anarudi kijijini siku hiyo hiyo na hatarudi kumzika. Mama alilala akitazama ukuta. Wenzake baba walikuja mmoja mmoja barazani.

"Mwambie mama yako afukue usiku, nani atajua?" alisema Mzee Salumu. "Kazi hii umeianza ukiwa huna ndevu. Leo uiache kwa kipande cha uzi?"

"Si uzi," baba alisema.

"Ni nini basi?"

Baba aliendelea kukoroga buluu ya kufulia kwenye beseni, ingawa hapakuwa na nguo za kutia.

Mimi nilikuwa karibu yao, nikipepea mkaa wa pasi. Neno moja lingetosha. Ningesema, ni mimi nilikata, na Bwana Meneja angeweza kuniita, akaona udogo wangu, labda angeamini. Au labda wangefukua. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Nilimwona ndugu yangu tayari yuko juu ya mawingu, nusu ya njia, na mimi nikisema tu, anaanguka. Kati ya baba na mtoto asiye na jina nilichagua, nikiwa na miaka minane, na sikumchagua baba.

Siku ya nne baba alirudisha pasi mbili za mkaa, beseni na ufunguo wa stoo. Chumba kilikuwa cha shirika, kwa hiyo tulihama siku hiyo hiyo kwa mkokoteni. Kaburi lilibaki nyuma ya vyumba vya watu wengine. Mama alichukua udongo kidogo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Nilimwona, nikageuka upande mwingine.

Mji wetu ulikuwa mdogo, na habari ilitutangulia. Shuleni wasichana walinizunguka wakati wa mapumziko.

"Binti wa dobi, leo umelalia nini?"

"Jamani msimguse, atawaibia gauni!"

"Skola, baba yako akifua anarudisha ngapi?"

Nilivumilia. Baba alikwenda kufua kwa Wahindi wa madukani, kisha nao wakasikia, kisha akafua kwa yeyote asiyesikia. Mtu aliyekuwa akijua usingizi wa mabalozi alianza kufua magunia ya unga wa mkate. Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani, kwa sababu benchi la mbele watu walikuwa wanajibana kumwachia nafasi kubwa mno. Mimi nilikwenda kuungama. Nilimwambia Padri, kwa kunong'ona, kwamba nilikata kona isiyotakiwa. Akaniuliza kona ya nini, nikasema ya shuka. Alinipa Salamu Maria tatu na kuniambia nimsaidie mama kazi za nyumbani. Nadhani alifikiri nimeharibu nguo.

Haukupita muda mrefu shirika likaacha kutua kwetu. Zilikuja ndege mpya zenye uwezo wa kupita juu kwa juu usiku na mchana, na abiria wakawa wanalala vitini huko huko angani. Bwana Meneja alifunga nyumba ya wageni katika wiki moja. Mzee Salumu alikuja kutuaga, naye ndiye aliyeleta habari.

"Wamechoma mashuka," alisema. "Yote. Wameyarundika nyuma ya jiko, wakamwagia mafuta. Mengine hayajawahi kutandikwa hata mara moja, yana karatasi zake. Nimeomba mawili, nimeambiwa si ruhusa."

Baba alikuwa anakunja nguo ya mtu. "Walikata kona kwanza?" aliuliza.

Mzee Salumu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baba hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Nilikua, nikawa mwalimu wa dini, kazi niliyoifanya hadi nilipostaafu. Miaka yote ile, kila nilipopokea darasa jipya nilianza na ukurasa wa ubatizo wa dharura, kabla hata ya Amri Kumi. Mapadri walinilalamikia kwamba navuruga mpangilio. Na nilizeeka vya kutosha kulisikia Kanisa lenyewe likisema, kwa upole, kwamba watoto wale tunawaachia huruma ya Mungu na tunaruhusiwa kutumaini. Siku nilipoyasoma hayo nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote, kisha nikafunga mlango nikalia kwa hasira. Kumbe maji hayakuwa yamekosekana, wala njia. Baba alipoteza kazi, nyumba na jina kwa ajili ya mlango ambao haukuwa umefungwa.

Lakini si hilo nililotaka kuwaambia. Kwa muda mrefu niliamini kwamba baba alikwenda ofisini akiwa hajui. Nilimwaza akishangaa Mzungu alipofungua leso, na mshangao ule nilijihesabia mimi kama kosa langu kubwa zaidi, kwamba nilimwaibisha baba yangu ghafla. Baba alikufa hatujalizungumza. Nilimuuguza, nilimwosha, nilimsomea sala, na sikumwambia.

Miaka michache baadaye, mama naye akiwa mgonjwa, nilimwambia yeye. Nilidhani atashtuka.

"Tulijua," alisema. "Baba yako angepeleka kitu kwa meneja bila kukikagua? Alifungua leso asubuhi ile kitandani kwangu. Akaniambia, Skola amemwachia mtoto mbayuwayu. Akaifunga tena."

"Hakukasirika?"

"Aliniuliza kama mbayuwayu ameangalia juu au chini."

"Ukamwambiaje?"

"Ningejuaje, mwanangu? Nilikuwa nimelala. Nikamwambia ameangalia juu."

Tangu siku hiyo nimeacha kujiuliza kwa nini alikataa kufukua. Nilikuwa nimesema ni kwa kumheshimu bibi, kisha nikasema ni kwa kunilinda mimi. Baba aliketi kanisa lile lile, akasikia mafundisho yale yale, naye hakuwa na kata mkononi wala ukurasa. Alikuwa na mtoto aliyezikwa mahali ambapo yeye hakuruhusiwa kufika, na alikuwa amewaona mbayuwayu wale wakiruka tangu akiwa kijana mwenye panga la nyasi. Alikwenda kwa meneja na kona tupu kwa sababu naye alitaka mtoto afike.